Mafundo ya Tuta la Mtondooni

Enyi mlioitika wito na kuketi hapa kwa utulivu: wazee mliotutangulia kulijua jua na mvua, mama zetu mliotulea kwa jasho, vijana wenzangu, nanyi watoto mlioambiwa mnyamaze mkanyamaza, nawapa mkono wa heshima, kila mmoja kwa daraja lake. Naomba ruhusa ya kusema mbele yenu, na naomba radhi kabla sijakosea, kwa kuwa msimulizi wa mambo ya wahenga hubeba mzigo usio wake. Atakayeona nimeangusha kitu njiani, aniokotee. Na atakayeona nimekifikisha salama, amshukuru Mola, kisha awashukuru wao waliotenda.

Zamani, kabla mpunga haujajulikana hapa Mtondooni, bonde lote mnaloliona chini ya kilima hiki lilikuwa mali ya bahari. Maji yalipojaa yalipanda hadi kwenye mizizi ya mitondoo iliyoupa mji wetu jina, na mawimbi yakapiga mahali ambapo leo kuku wanachakura. Yalipokupwa yaliacha tope jeusi lenye harufu ya chumvi, na juu ya tope hilo mikoko ilisimama kwa mizizi yake mingi kama watu waliokunja nguo wapate kuvuka. Hapakuwa na mtu aliyelima huko. Kaa walichimba, korongo walitembea kwa madaha yao, na binadamu alishuka tu kukata kuni au kuokota chaza, kisha akapanda mbio kabla maji hayajamfungia njia.

Mji ulikaa kilimani, na kilima chenyewe kilikuwa mawe. Muhogo uliota mwembamba kama kidole cha mgonjwa. Mtama ulichipua kwa ahadi nzuri, ukanyauka kabla ya kutimiza hata moja. Kila kiangazi watu walichimba mizizi ya ndago wakaichemsha, wakawapa watoto na kuwaambia walale mapema ili njaa isiwakute macho. Kila kiangazi kulikuwa na nyumba iliyofungwa mlango, wenyewe wakaelekea bara, wasirudi.

Mkuu wa mji enzi hizo aliitwa Mwinyi Pandu, mtu wa maneno machache na macho mengi. Siku moja, akipita pembezoni mwa mikoko, aliona gogo kubwa lililoanguka likaziba mdomo wa kijito kidogo. Nyuma ya gogo tope lilikuwa limejazana, bahari ikashindwa kupita, na mvua za masika zilikuwa zimeiosha chumvi yote. Hapo palikuwa pameota majani laini, ya kijani kibichi, yale yanayoota kwenye maji matamu tu. Mwinyi Pandu aliinama, akachuma jani, akalitafuna. Kisha akarudi mjini akaita baraza.

Aliwaambia wazee kwamba kilichofanywa na gogo moja kwa bahati chaweza kufanywa na mji mzima kwa makusudi. Baraza lilicheka. Mmoja alimwuliza kama atakapomaliza kuizuia bahari ataendelea na mwezi. Lakini Mwinyi Pandu hakukasirika. Aliliweka lile jani katikati ya mkeka, akasubiri kicheko kiishe. Na kicheko cha watu wenye njaa, ndugu zanguni, huwa hakichukui muda mrefu.

Hivyo ndivyo lilivyoanza tuta. Na mimi, kila nikilitazama, huwa nashangaa jinsi viumbe waliokula ndago walivyopata nguvu ya kulijenga. Walishuka maji yalipokupwa, wakasimika nguzo za mkandaa, mti wa mikokoni, kwa safu mbili, wakazisuka kwa fito kama anayesuka ubavu wa jahazi, kisha wakajaza udongo baina ya safu hizo na kuushindilia kwa miguu. Udongo ulikatwa kwa jembe na kubebwa kwa mapakacha ya makuti. Maji yalipojaa walipanda, na yalipokupwa walishuka tena kuona bahari imebakiza kiasi gani cha kazi yao. Mara nyingine ilibakiza nusu, mara nyingine nguzo peke yake. Nao walianza tena, huku wakiimba:

*Bahari tumekujia, mikono i na udongo,*
*Kwa adabu twakwambia, neno hili si la wongo,*
*Kupwa una pa kupwia, na kujaa una lango,*
*Wana wanatulilia, njaa imeshika chango.*

Na lango walilolitaja lilikuwapo kweli. Penye kijito walilaza gogo la mtondoo lililotobolewa toka mwanzo hadi mwisho, na upande wake wa baharini wakaning'iniza kifuniko cha mbao. Maji ya bahari yalipopanda yalikisukuma kifuniko na kujifungia yenyewe nje. Yalipokupwa, maji ya mvua yaliyomo bondeni yalikisukuma kutoka ndani yakaenda zake. Bahari ikawa mlinzi wa mlango iliokatazwa kuingia. Nani aliyewafundisha? Haijulikani. Yaelekea ni njaa, ambayo ni mwalimu mkali lakini hufundisha.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fundo la kisa lilipofungwa. Katika mji huu watu walikuwa wamewahi kugombania mipaka ya mashamba ya kilimani, ugomvi uliokaribia kumwaga damu. Kwa hiyo Mwinyi Pandu aliligawa tuta kwa koo. Kila ukoo ulipewa fungu lake la kujenga, na ardhi itakayokauka nyuma ya fungu hilo ikawa yake. Wa kusini walianzia kusini na wa kaskazini wakaanzia kaskazini, hata fungu la ukoo wa Shaame na fungu la ukoo wa Ngwali yakakutana katikati, pale palipokuwa na kina kirefu kuliko kwingine. Kila ukoo ulipiga kigingi mwisho wa fungu lake. Na kwa kuwa kuvuka kigingi kwenye tuta kulikuwa sawa na kuiba shamba, kila mwanamume alikula kiapo mbele ya wenzake kwamba mkono wake hautaweka udongo nje ya kigingi cha ukoo wake, na akiuweka, asile mpunga wa bonde hili yeye wala kizazi chake.

Wanawake hawakudaiwa kiapo. Walidaiwa mapakacha tu.

Nao wanaume walikuwa watu wa adabu. Kila mmoja alipopiga kigingi alirudi nyuma kidogo upande wake, jirani asije akamdhania tamaa. Jirani naye akarudi nyuma upande wake, kwa heshima ile ile. Basi baina ya kigingi na kigingi ikabaki nafasi ya mtu mmoja kusimama, isiyo ya huyu wala ya yule. Nafasi hizo zilijazwa na udongo uliomwagika wenyewe kutoka pande mbili. Haukushindiliwa kwa mguu wala haukusimikiwa nguzo. Kwa macho, tuta lilikuwa limeungana. Watu walilipita juu wakalisifu, na kila ukoo ulilipamba fungu lake kuliko la mwenzake, likawa refu, nene, limenyooka, na mwisho wake likaishia kwenye unyevunyevu.

Katika watoto waliobeba udongo alikuwamo Mize, binti Shaame. Alianza kazi hiyo pakacha likiwa kubwa kuliko kifua chake, na alikua pamoja na tuta: lilipofika magotini mwa watu wazima, yeye alifika kiunoni mwao. Chumvi ilimpasua vidole. Mama yake alikuwa akimpaka mafuta ya nazi jioni na kumwambia kwamba mikono hiyo siku moja itachambua mchele mpaka ichoke. Mama huyo alishikwa na homa ya kinamasi mwaka wa mwisho wa kazi, akafariki tuta halijafungwa. Mize alimlilia kama inavyopasa, kisha akashuka na mapakacha mawili, lake na la mama yake.

Tuta lilifungwa wakati wa maji mafu, bahari ilipokuwa dhaifu. Masika yakaja, yakaosha. Masika mengine yakaja, yakaosha tena. Mpunga wa kwanza uliota wa manjano ukafa, nao ndio uliokula sehemu kubwa ya mbegu. Waliposia mara ya pili, Mwinyi Pandu alisema wazi barazani kwamba hiyo ndiyo mbegu ya mwisho. Ikifa, hakutakuwa na ya tatu. Itabidi mji uvunjike: ukoo wa Ngwali uende kaskazini kwa jamaa zao, wa Shaame waende kusini kwa wajomba zao, na kila mmoja akaombe ardhi kwa watu.

Mpunga ule haukufa. Uliota ukashika bonde zima, mpaka watu wakawa wanakaa kilimani bila kazi yoyote, wanautazama tu. Na kwa furaha hiyo Mzee Ngwali alimwendea Mzee Shaame kumposea mwanawe, Mcha, akimtaka Mize. Wazee hao wawili walikuwa watani tangu siku ya kigingi cha kwanza. Ngwali alizoea kusema kwamba tuta la Shaame ni fupi hata kaa hulipanda bila kupumzika. Shaame alimjibu kwamba la Ngwali ni refu kwa kuwa limejengwa kwa maneno, nayo hayaishi. Posa ilikubaliwa katikati ya utani huo, na ikapangwa arusi ifanyike mpunga utakaposhika mimba, mwezi ukiwa mpevu, ili ngoma ichezwe kwenye mbalamwezi.

Nanyi mnajua, ndugu zanguni, mwezi mpevu huandamana na nini. Huandamana na bamvua, maji makuu ya bahari. Na bamvua la mwezi ule lilikuwa kuu kupita yote ya mwaka.

Alasiri ya arusi Mize alitolewa nyumbani kwa baba yake, amefunikwa ukaya, mikono na miguu imechorwa hina. Alitembea juu ya tuta, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa njia fupi ya kwenda upande wa kaskazini. Mbele walikwenda wapiga zumari, nyuma wanawake waliobeba vyombo vyake: sufuria, mito, na mikeka aliyoisuka kwa mikono yake. Kando yake alikuwa somo yake, kungwi aliyemfunda, Bi Kidawa, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, aliyekuwa akimnong'oneza njia nzima.

"Usitazame tope, mwanangu, si geni kwako," alimwambia. "Tazama mbele, kuna mtu leo ameoga mpaka kisima kimelalamika."

Mize alicheka ndani ya ukaya. Kulia kwake aliona bahari, imepanda hadi karibu na nyayo zao, imetulia na kung'aa kama sinia. Kushoto aliona mpunga, chini kabisa, chini kuliko maji. Hakuwahi kuviona viwili hivyo kwa pamoja namna ile, kimoja juu na kingine chini, vikitenganishwa na udongo aliokuwa akiubeba tangu utotoni. Alihisi fahari, na ndani ya fahari hiyo akahisi baridi kidogo.

Mara zumari zikanyamaza. Walipofika mwisho wa fungu la Shaame walikuta wanaume wamesimama. Upande wa pili, mwanzo wa fungu la Ngwali, walisimama watu wa bwana arusi waliokuja kupokea. Na katikati, baina ya vigingi viwili, maji yalikuwa yakipenya. Kwanza yalikuwa kama uzi. Walipokuwa wakitazama yakawa kama maji ya mtungi uliotoboka, yakimega udongo ule laini na kuupeleka bondeni kuelekea kwenye mpunga.

Wanaume hawakuwa wavivu. Wa Shaame walileta udongo wakajaza hadi kwenye kigingi chao, wakaushindilia. Wa Ngwali wakafanya hivyo hivyo upande wao. Lakini kila walivyoimarisha kingo, ndivyo maji yalivyozidi kukaza mwendo katikati, na pale katikati hapakuwa na mkono uliothubutu kufika.

"Ziba, Shaame," alisema Mzee Ngwali. "Mimi nakuruhusu."

"Huwezi kuniruhusu kitu kisicho chako," alijibu Mzee Shaame. "Ziba wewe, mkwe wangu. Mimi ndiye nakuruhusu."

"Kwa chako kipi?"

Haukuwa utani tena. Walikuwa wazee waliokula kiapo mbele ya watoto wao, na kila mmoja alikuwa tayari kuupoteza mpunga wa mwaka kuliko kuwaachia wajukuu laana ya kutoula milele. Mtu alitumwa mbio kilimani kwa Mwinyi Pandu, ambaye uzee ulikuwa umemweka nyumbani. Lakini kilima ni kirefu, na maji yalikuwa bado yanapanda.

Mize alitazama kupitia kitambaa cha ukaya. Aliona mpunga wa mbele ukilazwa na maji, masuke yake mabichi yakizama. Alijua kitakachofuata, kwa kuwa alikuwa amekisikia barazani kama kila mtu: chumvi itafika kila mahali, mbegu ya mwisho itaungua, na kabla ya kiangazi baba yake atakwenda kusini na yeye ataandamana na mumewe kaskazini, na hapatakuwa na njia baina yao. Na kaburi la mama yake litabaki peke yake kwenye kilima cha mawe.

Bibi arusi, kwa desturi ya wakati huo, hakusema neno tangu kutolewa hadi kupokewa. Mize alisema.

"Somo, mimi hapa ni wa nani?"

Bi Kidawa alidhani hofu imempata. "Swali gani hilo, mwanangu? Kwa baba yako umekwisha kuagwa, kwa mumeo hujapokewa. Hapa njiani u wa Mungu tu."

"Basi na pengo hili ni vivyo hivyo," alisema Mize. "Si la kwetu wala si la kwao. Na kiapo waliapa wao, mimi sikuapa."

Akavua makubadhi yake akayaweka juu ya tuta, moja kando ya jingine, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu wa heshima. Akaukunja ukaya, akashuka katikati ya vigingi viwili, na maji yakamfika kiunoni. Waliokuwa karibu walimwona akiyumba, akashika kigingi cha baba yake kwa mkono mmoja na kigingi cha baba mkwe kwa mkono wa pili, akasimama imara.

"Leteni mikeka yangu," alisema.

Bi Kidawa ndiye aliyeelewa mwanzo. Aliwageukia wanawake waliobeba vyombo akawaambia waache kutazama kana kwamba hawajawahi kuona tope, maana kila mmoja wao alikuwa amelibeba kichwani miaka yote ile, na hakuna aliyemwapisha. Wakashuka. Mikeka ya arusi ilikunjuliwa, ile ya rangi iliyomchukua Mize misimu mizima kuisuka, ikasimamishwa dhidi ya maji, naye akaishikilia kwa mgongo wake. Vyombo viliwekwa kando, na mito ya arusi ikajazwa mchanga. Wanaume walikata udongo pande zote mbili wakaujaza mapakacha, wakayafikisha kwenye vigingi vyao, wasivuke hata kwa kidole. Wanawake wakayapokea hapo, wakaumimina udongo katikati, wakaushindilia kwa miguu yenye hina na isiyo na hina. Ule wimbo wa tuta ukaanza tena, safari hii kwa sauti za wanawake peke yao, na zumari zikaona haya zikafuata.

Mcha, bwana arusi, alikuwa wa mwisho kwenye safu ya wanaume wa kaskazini, yeye ndiye aliyekabidhi mapakacha. Basi alimwona mkewe kwa mara ya kwanza namna hiyo: tope limemjaa hadi kwenye nyusi, meno ameyauma, ukaya umeelea juu ya maji kama ua la yungiyungi. Wanasema alisahau pakacha mkononi. Bi Kidawa akamwambia amtazame baadaye, wakati wa kutazama umewekwa na hautakimbia, sasa alete udongo.

Kisha maji yalisimama. Anayekaa pwani anaijua saa hiyo, bahari inapokuwa imefika mwisho wa pumzi yake, haipandi wala haishuki. Wanawake waliendelea kushindilia. Na taratibu, kwenye nguzo za upande wa baharini, mstari wa unyevu ukaonekana juu ya maji. Bamvua lilikuwa limegeuka.

Mwinyi Pandu alifika akiwa amebebwa kwenye kiti na vijana. Hakuuliza kilichotokea, kwa sababu kilikuwa mbele yake: fungu la Shaame limenyooka, fungu la Ngwali limenyooka, na katikati yao donge kubwa la udongo lenye alama za nyayo, na juu yake bibi arusi ameketi akikamua ukaya. Akalitazama bonde. Nyuma ya donge palikuwa na ukanda mwembamba wa mpunga ulioungua kwa chumvi. Uliobaki wote ulikuwa umesimama.

Wazee wawili walimwomba awahukumu. Mzee Ngwali alisema kwamba mkwewe hajavunja kiapo cha mtu. Mzee Shaame alisema kwamba binti yake hakuwa na ruhusa ya mtu. Na kila mmoja, alipokwisha kusema, alijifuta macho akisingizia matope.

Mwinyi Pandu aliomba kiti kishushwe juu ya donge.

"Niliwaapisha waliopiga vigingi, nikawasahau waliobeba udongo," alisema. "Basi na ijulikane. Pengo hili si la Shaame wala la Ngwali. Ni la huyu, na la kila atakayekuja kama alivyokuja yeye."

Akaamuru kwamba hata ule ukanda ulioungua nyuma ya pengo uwe wa Mize, na baada yake uwe wa wake watakaoolewa kupitia hapo, na kila pengo la tuta lifuate sheria hiyo. Baadhi ya watu walidhani ni zawadi ya mzaha, kumpa mtu ardhi iliyokwisha kuliwa na chumvi. Mize hakudhani hivyo. Alichimba vijifereji kuanzia kwenye donge hadi kwenye lango, mvua ikapita humo ikaiosha ardhi, na alipopanda, mpunga wake ulikuwa wa kwanza kuiva bondeni. Alimpelekea baba yake pishi moja na baba mkwe pishi moja, kisha akauchambua wake mwenyewe polepole, mpaka mikono ikachoka.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya arusi, alipofikishwa mlangoni kwa mumewe, mama mkwe alitoka na birika amnawishe. Mize aliomba asinawishwe kwanza. Aliweka kiganja chake kwenye mwimo wa mlango, tope na hina pamoja, ndipo akaingia. Mama mkwe akaitazama alama ile, akaliweka birika chini, akapiga kigelegele.

Na tangu siku hiyo, bibi arusi wa Mtondooni haingii nyumbani kwa mumewe kabla hajasimama baina ya vigingi, kwenye pengo la mwisho wa fungu la ukoo wa mumewe, na kumimina pakacha la udongo kwa mkono wake. Wanaume wa pande zote mbili humletea, naye hupokea. Hata akitoka mji wa mbali, hata akija amevaa dhahabu, hushuka na kushindilia. Mafungu ya wanaume yamebaki kama yalivyojengwa, marefu, laini, yamenyooka. Lakini penye kila pengo udongo umeongezwa kizazi baada ya kizazi, umevimba, umekuwa mgumu kuliko mawe. Ndiyo maana mtu akisimama kilimani akalitazama tuta letu huliona kama muwa uliolazwa ufukweni: pingili na fundo, pingili na fundo, toka kusini hadi kaskazini. Ndiyo maana ukanda wa mpunga ulio nyuma ya kila fundo hurithiwa na wanawake, na hakuna mwanamume anayeugusa ila akialikwa kuvuna. Na ndiyo maana mgeni anayepita mitaani kwetu huona kwenye miimo ya milango viganja vya udongo uliokauka, akadhani ni watoto wamecheza.

Bahari hurudi kila bamvua. Hupanda, hugonga pingili, hugonga fundo, kisha huenda zake.

Nami kisa hiki nilikipokea kwa Bi Raya binti Mbwana, wa fundo la karibu na lango.